Mashine ndogo ya kufulia na draya ya kondensa kwenye fleti ya Dar

Nakaa Upanga, ghorofa ya nne, kwenye fleti ya vyumba viwili isiyo na uwanja wala paa la kuanikia. Kwenye roshani ya mbele uongozi wa jengo umekataza kuanika nguo. Ya nyuma, ile ya jikoni, inatosha mtu mmoja na ndoo yake. Humo ndimo nilimoweka mashine ya kufulia ya kilo 6, na juu yake draya ya kondensa, yaani mashine ya kukaushia nguo ya aina isiyohitaji bomba la kutoa hewa ya moto nje ya nyumba. Majirani wengi wameniuliza zinavyofanya kazi, baadhi yao wakiwa wameshaahidiwa bei nzuri Kariakoo na wanataka tu niwaambie wakalipe. Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Kwa mji wetu, hewa ya chumba ndiyo inayoamua kama draya itakufaa au itakula LUKU bure, kwa hiyo naanza na hewa.

Hewa kabla ya mashine

Ndani ya draya ya kondensa hewa inazunguka humo humo. Hita inaipasha moto, feni inaipeleka kwenye pipa lenye nguo, inatoka imebeba unyevu, kisha inapita kwenye kondensa. Kondensa ni bonge la aluminiamu lenye mapezi membamba yaliyopangwa karibu karibu. Upande mmoja wa mapezi inapita hewa ya moto yenye mvuke, upande wa pili feni nyingine inapitisha hewa ya chumbani kwako. Mvuke ukigusa ubaridi wa mapezi unageuka maji, yanachuruzika hadi kwenye chombo chake, na hewa iliyobaki kavu inarudi kwenye hita kuanza upya.

Sasa fikiria hiyo hewa ya chumbani kwako ina joto gani. Vitabu vingi vya draya hizi vinataka chumba kiwe kati ya nyuzi 5 na 35. Januari na Februari, roshani ya Dar iliyozibwa kwa vioo na kupigwa jua la mchana inapita 35 bila shida. Hapo kondensa haipoi, mvuke unaendelea kuzunguka na nguo, na kazi ya saa mbili inakwenda mpaka tatu. Joto likizidi zaidi, kinga ya mashine inazima hita, wewe unadhani mashine mbovu na kumwita fundi.

Kuna na joto linalotoka. Umeme wote unaoingia kwenye draya unaishia kuwa joto ndani ya nyumba yako, kwa kuwa hakuna bomba la kulitoa. Draya yenye hita ya wati 2,500 inamwaga chumbani joto karibu sawa na lile ambalo kiyoyozi cha BTU 9,000 kinaweza kuondoa kikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana namkataza kabisa mtu kuiweka kwenye korido au chumba chenye kiyoyozi akidhani anaisaidia kupoa. Utalipia umeme wa kukausha, halafu ulipie umeme wa kuliondoa joto la kukaushia.

Na kondensa hainasi mvuke wote. Kwenye lebo ya nishati ya Ulaya iliyotumika hadi katikati ya 2025 kulikuwa na kipimo chake: daraja A hunasa zaidi ya asilimia 90, B kati ya 80 na 90, C kati ya 70 na 80. Nguo zenye lita 3 za maji kwenye draya ya daraja B zinaweza kuachia zaidi ya nusu lita ya mvuke hewani. Kwenye chumba kilichofungwa, mvuke huo unakwenda ukutani na nyuma ya kabati, na baada ya masika moja utaanza kusikia harufu ya fangasi.

Kwa hiyo, kabla hujaenda dukani, simama mahali unapotaka kuiweka saa nane mchana na usikilize mwili wako. Kama wewe mwenyewe huvumilii dakika kumi, draya haitakausha vizuri saa hizo. Roshani yangu ina dirisha la vipande vya vioo upande mmoja na mlango wa jikoni upande wa pili, nikifungua vyote upepo unapita. Naiwasha alfajiri, ninapoamka kwa ajili ya sala na kuwaandaa watoto. Hewa ya saa kumi na moja ndiyo nzuri kuliko zote Dar, na mimi niko macho. Sababu ya kuwa macho nitaieleza mbele.

Ipi ya kununua

Dukani utakuta sura tatu zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni mashine moja inayofua na kukausha humo humo. Inavutia kwa sababu ya nafasi, lakini nyingi zinapoza mvuke kwa kutumia maji ya bomba, yaani unamwaga makumi ya lita kwenye mtaro ili kukausha nguo. Kwa mtu aliyepitia mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, hilo halikubaliki. Halafu inafua kilo 8 lakini inakausha 5 tu, kwa hiyo kila mara unatoa nusu ya nguo kabla ya kukausha. Sijampendekezea mtu yeyote.

Ya pili ni draya ya kondensa ya kawaida, kama yangu. Ya tatu ni ya pampu ya joto, ambayo ndani yake ina kompresa na gesi kama friji. Hii inatumia karibu nusu ya umeme, na joto inalomwaga chumbani ni dogo zaidi, jambo ambalo kwa Dar lina thamani kubwa kuliko huko zilikotengenezwa. Ubaya wake ni bei, na inachelewa kidogo kumaliza. Kama ningenunua leo na fedha ipo, ningechukua hiyo. Kumbuka pia kwamba kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza Julai 2025 zimeziacha madukani kwao draya za pampu ya joto pekee, hivyo za kondensa ya kawaida ndizo zitakazozidi kuwa za zamani na vipuri vyake vitahitaji kutafutwa. Ukinunua ya pampu ya joto soma bamba la nyuma uone gesi yake. Mpya nyingi zinatumia R290, ambayo ni propani, na propani inashika moto. Fundi wa friji atakayeifungua lazima aijue gesi hiyo, si wa kubahatisha.

Ukishachagua aina, muulize muuzaji swali moja ambalo wengi hawaulizi: kondensa inatoka? Kuna draya ambazo kondensa yake unaichomoa kwa mkono kupitia kilango cha chini, na kuna zinazosemekana kujisafisha zenyewe, ambazo kondensa yake huioni mpaka mashine ifunguliwe. Kwa vumbi letu na nyuzi za taulo na khanga, chukua inayochomoka. Mwambie aitoe mbele yako, uishike.

Kwa mashine ya kufulia, angalia kasi ya kukamua kuliko vitufe na taa. Isipungue mizunguko 1,200 kwa dakika. Nitaonyesha hesabu yake hapa chini.

Mashine za mtumba zipo nyingi na nyingine ni nzuri. Soma bamba. Iliyotoka Uingereza, Ulaya au Dubai inatumia volti 220 hadi 240 na mizunguko 50 kwa sekunde (Hz), kama umeme wetu. Ya Japani inatumia volti 100, ukiichomeka moja kwa moja umeiua. Ya Marekani ni mizunguko 60, na draya zao zina mpangilio wa waya tofauti kabisa na wetu, achana nayo hata ikiwa bei ya kutupa.

Vipimo: nyingi zina upana wa sentimita 60 na urefu wa 85. Kina ndicho kinachotofautiana, kuanzia 45 kwa zile nyembamba hadi 60 na zaidi. Ukizibebanisha zinafika kama sentimita 170, na lazima ubakize nafasi nyuma kwa ajili ya mpira wa maji na mbele kwa ajili ya matundu ya hewa. Pima na mlango wa roshani, na ngazi ya jengo ikiwa hakuna lifti. Mashine ya kufulia ina uzito wa kilo 60 na zaidi kwa sababu ndani imefungwa mawe ya zege au vyuma ili isirukeruke. Watu wawili wenye nguvu, na wasiibebe kwa kushika mlango.

Umeme na yuniti

Fundi umeme alipofungua soketi ya roshani yangu aliniita nione: waya wa milimita 1.5, uliopita kwenye soketi tatu nyingine kabla ya kufika pale. "Dada, hii ni ya kuchajia simu," akasema, na alikuwa sahihi. Hita ya mashine ya kufulia inavuta kama wati 2,000, ya draya 2,500. Zikiwaka pamoja kwenye njia moja, huku birika la umeme nalo limo, plagi itaanza kuyeyuka taratibu ukutani bila wewe kujua. Tulivuta waya mpya wa milimita 2.5 kutoka kwenye breka yake peke yake hadi roshani, na waya wa ethi ukajaribiwa kwa kipimo. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Kama huna uwezo wa kuvuta njia mbili, basi kanuni iwe moja tu: mashine inayofua na draya zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Usitumie ekstensheni. Baada ya nusu saa ya kazi shika plagi ya draya. Ikiwa vuguvugu ni kawaida, ikikuchoma kidole zima.

Vifaa vingi vya kulinda friji vinavyouzwa madukani haviwezi mzigo huu. Tafuta kinachoandikwa ampia 15 au 16, chenye kuchelewa dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme.

Hesabu ya LUKU ni rahisi. Lita moja ya maji kugeuka mvuke inataka karibu yuniti 0.7, na hiyo ni sheria ya maumbile, haijali mashine ya bei gani. Draya ya kondensa, kwa kuwa inapoteza kidogo, hutumia kama yuniti moja kwa kila lita. Nguo kavu za kilo 5 za pamba zikikamuliwa kwa mizunguko 800 zinabaki na kama lita 3.5 za maji. Zikikamuliwa kwa 1,200 zinabaki na kama 2.7. Tofauti hiyo ndogo ya kasi imekupunguzia takriban yuniti 0.8, na mota ya kukamua haikutumia hata sehemu ya kumi yake. Ndiyo maana nasema kasi ya kukamua ndiyo uangalie. Taulo lililokamuliwa kwa mkono na kutupwa kwenye draya linaweza kuwa limebeba maji mazito kama taulo lenyewe, na hapo unachemsha maji kwa fedha yako.

Kwa bei ninayolipa mimi, shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, mzigo mmoja wa karibu yuniti 3 unanigharimu kama shilingi 1,070. Mizigo mitatu kwa wiki inakaribia yuniti 39 kwa mwezi, kama shilingi 14,000. Kama wewe uko kwenye daraja la D1, lile la nafuu la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, angalia vizuri: draya peke yake itakula nusu ya nafasi yako, na ukizoea kupita 75 utahamishiwa bei ya kawaida kwa nyumba nzima, taa na friji vikiwemo. Kwa mtu wa D1 draya ni ghali kuliko inavyoonekana.

Maji

Mashine nyingi za kufulia zinataka msukumo wa angalau bar 0.5. Tangi likiwa mita 10 juu ya koki linatoa karibu bar 1, mita 5 linatoa nusu yake. Anayekaa ghorofa ya juu kabisa, tangi likiwa mita mbili tu juu ya kichwa chake, ndiye anayeteseka: mashine inajaza polepole, inakata tamaa na kuonyesha herufi za hitilafu. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Soma kiwango kwenye kitabu cha mashine yako kwanza, kwa sababu kuna zinazokubali chini ya hapo.

Kisima cha jengo ni suala jingine. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na ukiyaonja maji yake unajua. Chumvi inakula hita na vyuma, na magadi ya maji magumu yanaganda juu ya hita mpaka inafanya kazi mara mbili. Jengo letu linachanganya maji ya DAWASA na ya kisima kwenye tangi moja, kwa hiyo wiki za kisima nafua zile nguo za lazima tu. Maji ya DAWASA ni laini zaidi na yanatoa povu kirahisi, na hapo ndipo sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono inaposumbua. Povu likizidi, mashine haiwezi kukamua. Inajaribu, inasimama, inasuuza tena. Tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na uanze na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mahali mpira wa maji unapoungana na mashine kuna kichujio kidogo cha wavu. Maji yakikatika siku mbili yakarudi na matope, hicho ndicho kinachoziba. Funga koki, fungua mpira, kivute kwa koleo, kisafishe kwa mswaki wa zamani.

Kuziweka

Nyuma ya mashine mpya ya kufulia kuna boliti tatu au nne za kusafirishia, zimelishika pipa lisichezecheze njiani. Zitolewe zote kwa spana kabla ya kuwasha, matundu yazibwe kwa vifuniko vyake, na boliti zenyewe uzihifadhi kwa siku utakayohama. Mashine ikiwashwa nazo itatembea sebuleni na kuvunja ndani yake.

Draya inakaa juu, kamwe isiwe chini, na katikati yao iwepo fremu ya kupandishia iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizo. Draya ikikaa bila kushikwa, siku mashine ya chini inapokamua mashuka kwa nguvu itateleza. Fundi aweke pima maji juu ya mashine ya chini, pande zote mbili, na kuzungusha miguu mpaka kiputo kitulie katikati, ndipo draya ipande. Mpira wa maji machafu uinuke kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiwa chini ya hapo, maji yatakuwa yanajitoa yenyewe wakati mashine inajaza.

Nguo na draya

Si kila nguo inakwenda draya, na si kila mwezi unaihitaji. Juni mpaka Agosti, kipupwe kikiwa kikavu na upepo wa kusi unavuma, kamba ya ndani ya roshani inanikaushia karibu kila kitu bure. Draya ni ya masika, na siku za vuli zinazofungana kwa mvua. Hata hivyo kuna sababu moja inayonifanya nitumie draya mwaka mzima kwa nguo za ndani, nepi na mashuka: nzi wa embe. Nzi huyu hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, hasa kivulini, na funza wake wanaingia kwenye ngozi ya anayevaa. Bibi zetu walipiga pasi kila kitu hadi kwenye mishono kwa sababu hiyo. Joto la draya linaua mayai kama pasi, na kwa mwenye mtoto mchanga hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Taulo, mashuka, fulana za pamba na jinzi zinakwenda draya bila wasiwasi. Khanga mpya ifuliwe peke yake kwa maji baridi mara za kwanza, na kwa draya iwe joto la chini, la sivyo inasinyaa na kupoteza ule ugumu wake mzuri. Baibui na madera mengi ni poliesta: joto la chini, nusu ya mzigo, na uyatoe yakiwa bado na unyevu kidogo ili uyatundike. Jezi, iwe ya Simba au Yanga, geuza ndani nje na uianike, kwa sababu namba za mgongoni zinabanduka kwa joto. Kofia za kushona kwa mkono, sidiria na viatu vya raba visiingie humo. Mito ya sponji na mazulia yenye mpira chini ni marufuku, hivi vinashika moto.

Fungua mashuka yaliyojizungusha kabla ya kuyaweka kwenye draya. Shuka likimeza nguo nyingine zikawa kama furushi, nje litakauka na ndani kubaki tope, na mashine itaendelea kuzunguka. Mara nyingi mimi naanika jinzi na taulo kwenye kamba usiku, alfajiri nazimalizia kwa dakika 30 za draya. Zinatoka laini na zimetumia theluthi ya umeme.

Usafi, ambao hauna likizo

Kichujio cha nyuzi, kile cha mlangoni, kinasafishwa kila baada ya mzigo. Kila mzigo, hata kama umeona nyuzi chache. Dada anayenisaidia nyumbani ndiye anayefua siku nyingi, na hilo ndilo jambo la kwanza nililomwonyesha, tena kwa kumpa sababu na si amri: hewa ikizibwa joto linapanda, na nyuzi zile ni kama pamba kavu karibu na moto. Draya zimeshachoma nyumba kweli. Agosti 2016 ghorofa refu la makazi Shepherd's Bush, London, liliwaka moto na kikosi cha zimamoto cha mji kikaeleza kwamba ulianzia kwenye draya. Ndiyo maana siwashi draya nikiwa nimelala wala nikitoka, na hata dada anajua kwamba akitoka kwenda sokoni mashine inazimwa kwanza.

Chombo cha maji kinamwagwa kila mzigo pia. Kikijaa draya inasimama yenyewe. Nayatumia kupigia deki, kwani hayana chumvi na hayaachi madoa kwenye vigae. Si ya kunywa, na yana nyuzi ndogo ndogo. Unaweza kuunganisha mpira yaende moja kwa moja kwenye bomba la maji machafu la mashine ya chini, kama yako ina sehemu hiyo.

Kondensa naichomoa mara moja kwa mwezi, na masika kila wiki mbili. Acha draya ipoe, fungua kilango, geuza vibano, ivute taratibu ukiwa umeweka taulo chini kwa sababu itadondosha maji. Iingize bafuni, pitisha maji ya shawa katikati ya mapezi kutoka pande zote mpaka yatoke safi. Usitumie brashi ngumu wala kisu, mapezi yakipinda hewa haipiti. Isimamishe ikauke, na wakati huo futa vumbi kwenye nafasi yake na kwenye mpira wake wa kuzuia hewa. Mpira huo ukiwa na nyuzi, mvuke unavujia chumbani na utaona vioo vya dirisha vimeloa. Ndiyo dalili ya kwanza.

Ndani ya pipa, karibu na mlango, kuna vipande viwili vya chuma king'aacho. Hivyo ndivyo vinavyopima unyevu wa nguo. Magadi ya maji na utando wa dawa ya kulainisha nguo vikiganda juu yake, draya inazima mapema nguo zikiwa mbichi au inaendelea bila sababu. Futa kwa kitambaa chenye siki nyeupe. Mimi nimeacha dawa ya kulainisha nguo kabisa. Taulo lililopita kwenye draya halina haja nayo.

Mashine ya kufulia inadai kidogo zaidi ya kuachiwa mlango na droo ya sabuni wazi. Futa mikunjo ya mpira wa mlango, na mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa nyuzi 60 au zaidi.

Umeme ukikatika katikati

Mgao wa 2023 ulitufundisha jambo hili vizuri. Draya, ikimaliza yenyewe, dakika za mwisho inazunguka bila hita ili nguo zipoe. Umeme ukikatika kabla ya hapo, nguo zinabaki zimerundikana zikiwa za moto. Fungua mlango mara moja, zitoe zote, zitandaze kitandani au kwenye viti. Hatari ni kubwa zaidi kwa vitambaa vya jikoni vilivyofyonza mafuta ya alizeti au ya ufuta. Mafuta hayo hayatoki yote kwa kufua, na yakipata joto yanaendelea kujipasha yenyewe ndani ya rundo mpaka yawake. Vitambaa hivyo, na taulo zilizotumika kukandia mwili kwa mafuta, mimi siviweki kwenye draya kabisa, vinakwenda kwenye kamba.

Mashine ya kufulia ikikatikiwa umeme, subiri. Kufuli ya mlango hulegea baada ya dakika chache, na nyingi zikirudishiwa umeme zinaendelea pale zilipoishia. Kama saa zinapita na nguo zinahitajika, tazama kwanza kupitia kioo. Maji yakiwa juu ya ukingo wa mlango usilazimishe. Fungua kilango kidogo cha chini upande wa kulia, ambapo mashine nyingi zina kampira kembamba cha dharura. Weka sinia au trei ya kuokea, chomoa kizibo, mwaga kidogo kidogo, rudisha kizibo kila trei inapojaa. Kama ulifua kwa maji ya moto ngoja yapoe kwanza. Maji yakiisha zungusha kichujio cha pampu kilicho pembeni yake, kitoe, utakuta sarafu, vibanio na kifungo cha sare kilichopotea. Kioshe, kirudishe mpaka kikaze. Kisha mimina lita moja ya maji kwenye droo ya sabuni, uangalie kama kuna tone linalodondoka chini. Likiwapo, kichujio hakijakaa sawa. Kifungue, futa mpira wake na ukirudishe tena kabla ya kuwasha.